Jinsi Zab Silki Alivyoiliza Sindo

Zablon alijifunza saksafoni kanisani kwao Kegonga, kwenye bendi ambayo mchungaji aliianzisha ili vijana waache kwenda disko. Ngoma na tarumbeta zilichukuliwa na watoto wa wazee wa kanisa. Ikabaki saksafoni, ambayo hakuna aliyejua inashikwa upande gani. Zablon akaichukua, akahangaika nayo mwaka mzima nyuma ya zizi la baba yake, na mwishowe ikatoa sauti. Mchungaji alimsihi apige polepole, kwa sababu kila alipopiga haraka mbuzi wa jirani walikata kamba. Hivyo ndivyo alivyoingia katika jazi laini. Yeye mwenyewe husimulia vingine. Husema aliitwa.

Baadaye alikwenda Nairobi, akapiga katika hoteli moja ambapo matajiri hunywa chai ya asubuhi saa saba mchana. Akarudi akiwa na suti nyeupe, miwani myeusi asiyoivua hata mvua ikinyesha, na jina jipya: Zab Silki. Ulipomuuliza kwa nini alirudi, alikujibu kwa upole wa mtu anayesamehe, "Nairobi bado haijaiva."

Sisi wa Migori ndio tulioiva, kwa hiyo akahamia kwetu.

Mkewe, Caren, mama wa mtoto wao Nyangi, alikuwa Mjaluo wa upande wa Rangwe, mwenye saluni karibu na soko. Nyumba ilisimama kwa saluni hiyo. Caren alimpenda mumewe, lakini hakuwa na sikio la jazi laini, na hakulificha jambo hilo. Zablon alipofanya mazoezi sebuleni, Caren aliwasha blenda.

"Mama Nyangi, ninatunga," Zablon alimwambia siku moja.

"Na mimi ninatwanga," Caren akajibu. "Kila mtu na kazi yake."

Kazi ya kwanza mjini Zablon aliipata kwa Mubarak, Msomali kutoka Garissa mwenye hoteli safi kwenye barabara ya Isebania, hoteli ya biriani na mbuzi wa kuchoma, isiyouza pombe. Mubarak aliwahi kukwama uwanja wa ndege wa Dubai, akamwona mtu akipiga saksafoni kwenye mkahawa huku watu wakilipa chai bila kulalamika. Akaamini siri ni saksafoni. Akabandika bango mlangoni: JAZI MOJA KWA MOJA, JUMAMOSI MCHANA.

Sasa, kwetu huku neno jazi lina maana yake. Tangu wakati wa babu zetu, kila bendi ya benga ilijiita jazi. Jazi ni gitaa mbili zinazogombana, besi inayotembea kama mlevi mwenye haraka, na mtu anayeita majina ya ukoo wako hadi uinuke uende kumtuza. Watu walikuja Jumamosi hiyo wakiwa wamevaa viatu vya kuchezea. Wakamkuta mtu mmoja mwenye suti nyeupe. Akachomeka flashi kwenye spika, midundo ikaanza kunong'ona, akafumba macho, akaanza kupuliza.

Mteja mmoja alisubiri hadi soda yake ikaisha gesi. Akamwita Mubarak.

"Huyu ataanza saa ngapi?"

"Ameanza kitambo, ndugu yangu."

"Basi mwambie amalize."

Lakini Mubarak alikuwa mtu wa subira, na Zablon alikuwa na kipaji kimoja kikubwa kuliko cha muziki: hakuwahi kuona jambo lolote baya likimtokea. Watu walipoondoka, alisema wameenda kuwaita wenzao. Walipoongea kwa sauti kumzidi, alisema muziki wake unafungua mioyo. Mama mmoja alipomwomba, "Punguza hiyo kitu kidogo, niko kwa simu," aliinama kwa heshima na kupunguza, kisha akamwambia Caren kwamba wateja wameanza kuomba nyimbo.

Hivyo akaendelea kwa miaka kadhaa. Angeendelea hivyo hadi uzeeni, lakini ukafika mwaka wa uchaguzi, na Nicanor akataka kuwa MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti.

Nicanor alikuwa muuza mabati na saruji mjini Homa Bay, mtu mnene, mkarimu kidogo na mwoga sana wa kudharauliwa. Wadi aliyoitaka ilikuwa upande wa Sindo, alikozaliwa na ambako hakuonekana mara nyingi. Aliajiri mshauri kutoka Nairobi, kijana wa suruali inayoishia juu ya vifundo, na kijana huyo akamwambia kwamba siasa za ngoma ya ohangla na vumbi zimepitwa na wakati.

"Mheshimiwa, wewe ni kiongozi wa hadhi," mshauri akasema. "Lazima uingie taratibu. Saksafoni inapigwa, watu wamenyamaza, wewe unatokea."

Nicanor alikuwa bado hajawa mheshimiwa wa chochote, na neno hilo lilimlainisha kabisa. Akauliza saksafoni inapatikana wapi. Akaambiwa Migori.

Zablon alipopigiwa simu alipekua karatasi kidogo, ili ionekane anaangalia ratiba. Kisha akakubali. Jioni hiyo alimwambia Caren, "Wanasiasa wameanza kuelewa."

"Yawa, Baba Nyangi, watu wa Sindo ni watu wa kucheza. Mpigie mtu wa ngoma muende naye."

"Ngoma itaharibu hali."

"Hali gani?"

Zablon akatabasamu lile tabasamu lake la kuwahurumia wasiojua.

Mshauri alitengeneza mabango. Yalimwonyesha Nicanor ndani ya suti nyeusi, akiangalia juu, nyuma yake mawingu meupe na miale ya jua. Chini yaliandikwa kwa herufi za dhahabu: NICANOR. MAISHA YA UTUMISHI. Yalibandikwa Sindo nzima wakati wa usiku, ili watu wayaone wakiamka. Asubuhi yake likaja lori, likashusha mahema meupe kwenye uwanja wa shule, viti vya plastiki vyenye vitambaa, na maua. Vijana wa kampeni walivaa suti nyeusi na glavu nyeupe, kwa sababu mshauri alitaka nidhamu. Gari la Nicanor lilikuwa jeusi pia, refu, lenye vioo visivyoonyesha ndani, na liliegeshwa nyuma ya jukwaa huku milango imefungwa.

Halafu Zablon akajaribu vyombo.

Spika zilikuwa kubwa, na upepo siku hiyo ulielekea ziwani. Sauti ilishuka polepole, ya huzuni, ikakokota miguu hadi ufukweni ambapo wanawake walikuwa wakitandaza omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu juani. Mmoja wao akasimama na beseni mkononi.

"Nani amekufa?"

Wakatazamana. Aliyekuwa karibu na duka akageuka, akaliona bango ukutani. Akasoma jina. Akaona mawingu. Akasoma *maisha*, na alipofika kwenye *utumishi* mikono yake ilikuwa kichwani tayari.

"Uwi! Nicanor! Nicanor wuod Sindo, mwana wa Sindo!"

Kwetu huku, mwanamke mmoja akipiga nduru hakuna anayemuuliza una uhakika. Unapokea, unapeleka mbele. Nduru ile ilipanda kutoka ufukweni ikapita sokoni, ikaingia kwenye vibanda vya nguo. Wanabodaboda wakakata matawi, wakayafunga kwenye pikipiki, wakaanza kuzunguka mji wakipiga honi, kama wanavyofanya wakisindikiza mwili kutoka mochari. Kwaya ya akina mama ikavaa sare. Wazee wakachukua fimbo zao. Mtu mmoja alitokea na fahali wawili, akisema kifo lazima kifukuzwe. Kufika saa sita uwanja ulikuwa umejaa hadi watu wengine wakasimama nje ya ua.

Mshauri alisimama pembeni ya jukwaa, macho yamemtoka kwa furaha. Alikuwa ametarajia watu wa kujaza hema moja. Hakujua Kijaluo, na kwake umati ni umati.

"Mheshimiwa," alimwambia Nicanor kupitia dirisha la gari, "wanalia. Wanakulilia!"

Nicanor, ndani ya gari lenye kiyoyozi, hakusikia vizuri. Lakini neno hilo la kuliliwa lilimgusa. Akatoa kitambaa, akajifuta macho.

Mzee mmoja hakungoja ratiba. Alipanda jukwaani, akachukua maiki.

"Huyu kijana," akasema, "hakuwa na ubaya na mtu. Alitusahau, ndiyo, lakini alitusahau kwa upole."

Watu wakaitikia kwa kulia. Mama wa kwaya akasema Nicanor alikuwa kama mwanawe, ingawa walikuwa rika moja. Mwalimu mstaafu akasema taifa limepoteza. Pale ndipo Nicanor angepaswa kubaki garini hadi jioni, kwa sababu hakuwahi kusifiwa hivyo kabla ya siku ile na hakusifiwa hivyo tena. Lakini mshauri aliona muda umewadia. Akampa Zablon ishara.

Zablon alifumba macho. Akapiga kwa yale mapumziko marefu ambayo, kwa maneno yake, ndiyo muziki wenyewe. Uwanja mzima ukapasuka kwa kilio. Wanawake walijitupa chini. Wanaume wazima waligeukia kando wakakohoa. Na pazia la jukwaa likafunguliwa, Nicanor akatokea, ameinua mikono miwili, anatabasamu.

Mwanamke aliyekuwa mbele kabisa alizimia. Aliyekuwa nyuma yake alimkanyaga akikimbia. Fahali mmoja alivunja hema. Kisha kukawa kimya, isipokuwa saksafoni, kwa sababu Zablon alikuwa bado amefumba macho.

Nicanor akanyakua maiki. "Ndugu zangu! Mimi ni mzima!"

"Kwa nini?" akauliza mtu kutoka nyuma.

Hilo swali ndilo lililomwangusha Nicanor. Lilikuwa la kweli. Watu walisimama, wakajipangusa vumbi na machozi, na huzuni yao ikageuka hasira ya watu waliotumiwa vibaya.

"Nimeacha omena yangu juani!" mama mmoja akafoka. "Ndege wanakula saa hii!"

"Kama ulikuwa hujafa si ungesema?" mwanabodaboda akauliza. "Tumekata miti bure!"

Yule mzee aliyemsifu alidai maneno yake yafutwe. Kwaya ikaondoka ikiimba, maana walikuwa wameshajiandaa na hawakutaka kupoteza mazoezi. Kwenye mchujo wa chama, Nicanor alishindwa na mtu aliyefanya kampeni kwa baiskeli. Wapiga kura waliohojiwa na redio walisema hawakuwa na chuki naye. Mtu akishaliliwa ameliliwa, walisema. Utampigiaje kura tena?

Zablon alirudi Migori akiwa ameinua kidevu. Alimkuta Caren mlangoni pa saluni, simu mkononi. Video ya kilio cha Sindo ilikuwa imeshafika Rangwe, imerudi, na wateja wake walikuwa wameitazama chini ya dryer wakicheka hadi rola zikadondoka.

"Baba Nyangi," Caren akasema kwa upole usio wa kawaida, "pole."

"Pole ya nini? Walilia, Mama Nyangi. Watu wazima. Miaka yote hii nimekuambia kuna watu wanaoelewa."

"Walidhani ni matanga."

"Walihisi," Zablon akasema. "Sababu si muhimu."

Caren akarudi ndani kusuka.

Wiki hiyohiyo simu zikaanza. Familia moja ya Ndhiwa iliona video, ikasema: kama anaweza kuwaliza watu kwa mtu aliye hai, aliyekufa itakuwaje? Zablon alikataa kwa ukali. Yeye ni msanii, alisema, si mwombolezaji. Familia ikamwambia hawaiti matanga, wanaita hafla ya kusherehekea maisha, itakuwa na hema, skrini na mpiga picha wa droni. Zablon akauliza kama droni itapita karibu. Wakasema itapita. Akaenda.

Tangu hapo akawa mtu wa matanga. Leo Rongo, kesho Oyugis, Jumamosi Kendu Bay. Alinunua suti nyingine nyeupe. Mazishi aliyaita *shoo*, na jeneza aliliita *jukwaa la kati*. Jina la marehemu hakujisumbua nalo. Kule Uriri aliwaomba waombolezaji wasimame kwa heshima ya Mama Peninah, na aliyelala pale alikuwa mzee wa miaka tisini mwenye ndevu. Waombolezaji wakasimama tu, kwa adabu.

Kilichomshangaza ni kwamba milango mingine ilifungwa. Mubarak alimwita ofisini, akamkaribisha chai ya maziwa ya ngamia, akamshika bega.

"Ndugu yangu, nakuheshimu. Lakini mteja anaingia, anakuona, anauliza nani amekufa huko jikoni. Wallahi, biriani haitembei."

Kwenye harusi moja ya hapo mjini, iliyokuwa imemwalika kabla ya mambo ya Sindo, alipuliza pumzi moja tu. Shangazi wa bwana harusi akainuka, akatema mate kando, akamwonyesha lango kwa mwavuli. Bibi harusi alikuwa amevua pete tayari.

Zablon alisema watu wa harusi hawana kina.

Ndipo akaitwa na Milka.

Milka alikuwa mjane wa Mbita, mwenye mashua nyingi kuliko mtu yeyote upande ule wa daraja la Rusinga, mzee sana na mwenye afya ya kuudhi. Wanawe walikuwa wametajwa kwenye kila kamati ya mazishi kaunti nzima, na alijua jinsi wanavyofanya kazi. Kwa hiyo aliamua kupanga mazishi yake mwenyewe. Jeneza lilikuwa limetengenezwa. Alikuwa amejilaza ndani kulipima, akaagiza liongezwe upana wa viwiko. Wapishi watatu walikuwa wameonjesha wali wao, wawili wakafukuzwa. Sasa alikuwa amefika kwenye muziki.

Zablon alifika mchana, akapokelewa kwenye baraza inayotazama ziwa. Milka alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mikono, fimbo magotini. Nje ya lango kulikuwa na vijana wanne wenye ngoma za ohangla, wakingoja zamu yao kivulini.

"Karibu, nyathina, mwanangu," Milka akasema. "Nimesikia wewe ndiye uliyemuua yule wa mabati."

"Hakufa, mama. Ilikuwa tu hisia."

"Najua. Nilimwona juzi sokoni, hakuna anayemsalimia. Haya, mimi nimekufa. Piga."

Zablon hakuwahi kupewa nafasi kama hiyo: mtu mmoja, kimya, ziwa mbele yake. Akachomeka flashi. Akafumba macho. Akapiga wimbo wake mrefu kuliko yote, ule ambao kule Nairobi walimkatiza katikati, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Alipofungua macho jasho lilikuwa limelowesha kola, na Milka alikuwa amejilaza kitini, macho yamefungwa, mdomo wazi kidogo.

Zablon akakisogelea kiti. Alidhani safari hii ameua kweli.

"Mama?"

Milka akakoroma, akashtuka, akajifuta kidevu.

"Umemaliza? Ero kamano, asante. Ni nzuri, hiyo kitu yako. Imenilaza kabisa, na mimi silali mchana." Akajiinua kwa fimbo. "Lakini siku hiyo, nyathina, nitakuwa nimelala tayari. Sitaki kulazwa mara mbili."

"Mama, muziki huu ni wa kutafakari—"

"Watatafakari nini? Mimi? Wamekuwa na miaka yote hiyo. Unajua wimbo wowote ambao mtu anaweza kusimama nao?"

Zablon hakuwahi kuulizwa hivyo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na tabasamu. Akaweka saksafoni mdomoni, akajaribu ngoma ya kwao ya Kikuria, ile ya vijana kuruka, aliyoisikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Aliijua yote. Vidole vilijua pa kwenda. Lakini kila alipotaka kuruka, pumzi ilitanuka, noti ikarefuka, ikalainika, ikalala chini kama mbwa wa mtu tajiri. Alijaribu tena. Ikawa ileile, taratibu zaidi.

Milka alimsikiliza hadi mwisho bila kucheka. Hilo lilimuuma Zablon kuliko kicheko.

"Pole," akasema yule mama. "Walikuharibu mapema."

Akawapungia vijana wa langoni. Ngoma zikaanza kabla hata hazijafika barazani. Milka akaitupa fimbo kitini, akashika kiuno, akacheza mazishi yake hatua kwa hatua, mabega yakienda upande huu, shingo upande ule, huku akiwafokea vijana waongeze kasi. Zablon alisimama karibu na lango, saksafoni imeshaingia kwenye sanduku. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga ardhi. Aliuangalia kama mtu anavyomwangalia ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi, akauzuia, akavuka barabara kwenda kutafuta usafiri.

Caren alikuwa anafagia nywele sakafuni aliporudi.

"Ilikuwaje kwa yule mama?"

Zablon aliketi kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo, akavua miwani. Caren akaacha kufagia, maana alidhani leo mumewe atasema jambo.

"Alifumba macho," Zablon akasema. "Tangu mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kupata msikilizaji kama yule."

"Na kazi amekupa?"

"Bado anatafakari."

Caren akakung'uta ufagio. "Inua miguu," akamwambia, akafagia chini ya kiti.